Nilivyoiandaa gari yangu ya mashindano kwa msimu mpya, na ile breki iliyotaka kunigharimu masta silinda

Mi nimechoka na ushauri wa "nunua". Kila msimu ukikaribia ukisema tu gari ina shida fulani, kabla hujamaliza sentensi ushaambiwa weka kabureta kubwa, weka kamshafti ya mashindano, badilisha masta silinda (ile pampu ya breki inayosukumwa na kanyagio), nunua tairi laini zaidi. Hakuna anayekuuliza umepima nini. Na sisi tunaoshindana kwa hela za mfukoni, wikendi, bila timu wala mdhamini, ukifuata huo ushauri unafika siku ya mbio huna hela ya mafuta. Safari hii nimeingia msimu na gari ile ile, injini ile ile, na karibu hela yote imeishia kwenye vitu vidogo: mafuta, sili, washa, pedi na mikanda. Na gari haijawahi kuwa nzuri hivi.

Injini sikuifungua. Nilipima kompresheni (mgandamizo wa ndani) silinda zote ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, kanyagio la mafuta limekanyagwa mpaka chini, na namba zikawa karibu karibu. Mi naangalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe, ikizidi kama asilimia 10 hapo ndo naanza kutafuta sababu. Halafu nikabadilisha oili na ile filta ya zamani nikaikata. Hii fanyeni jamani, filta inasema ukweli wote wa msimu uliopita. Ila msiikate kwa msumeno wa chuma kama wengi wanavyoelekeza, maana unga wa msumeno unaingia kwenye karatasi na utashtuka bure ukidhani beringi za injini zimekwisha! Kuna kikatio chake kama cha kufungulia kopo, azima hata kwa fundi. Karatasi unaikunjua, unaikamua, unaiangalia juani. Vumbi kidogo la chuma sio tatizo, lakini ukiona vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba usiwashe tena hiyo injini mpaka ijulikane vimetoka wapi. Yangu ilikuwa safi, nikalala vizuri.

Petroli iliyobaki tangki toka msimu uliopita nilimwaga yote.

Sasa tuje kwenye breki. Msimu ulipoisha kalipa za mbele (zile zinazobana pedi kwenye diski ya gurudumu) zilikuwa zinavuja kidogo, zikaenda gereji moja kubadilishwa sili, wakazirudisha wakazifunga wenyewe kwenye gari. Nilipokaa kukanyaga, kanyagio laini, linazama karibu mpaka sakafuni, ukipiga piga linapanda, ukiacha kidogo linazama tena. Nikatoa upepo kwenye mafuta ya breki. Nikatoa tena kwa mpangilio wa kwenye kitabu cha gari. Mafuta mapya ya breki daraja la DOT 4, kopo limefunguliwa siku hiyo hiyo, bomba la plastiki la kuonyesha mapovu, msaidizi anakanyaga taratibu (na chini ya kanyagio nimeweka kipande cha mbao lisifike mwisho kabisa, kwa sababu masta ya zamani ukiisukuma mpaka sehemu ambayo haijazoea kufika, raba zinapita kwenye kutu zinachanika). Mapovu hamna. Kanyagio bado laini.

Hapo ushauri ukaanza. Fundi niliyempelekea akanyage akasema masta silinda imekufa, bila hata kufungua boneti. Mwingine akasema niweke mipira ya breki (ile inayopeleka mafuta kwenye kalipa) iliyosukwa kwa waya za chuma. Mwingine eti mafuta ya silikoni, DOT 5, na huyo naomba msimsikilize kabisa, DOT 5 haichanganywi na DOT 4, na kwa gari ya mashindano haifai kwa sababu inashika vipovu vidogo na kanyagio linazidi kuwa laini.

Mi nikasema kabla ya kununua chochote ngoja nijue upepo uko wapi. Nikachukua klempu zile za kubania mipira, ambazo midomo yake ni laini haina meno, nikabana mipira yote ya breki, mbele na nyuma. Nikakanyaga. Kanyagio likawa gumu juu kabisa, kama umekanyaga jiwe! Hapo hapo masta silinda ikawa haina kesi, maana ingekuwa inapitisha ndani, kanyagio lingeendelea kuzama hata mipira ikiwa imebanwa. Nikaachia ya nyuma, bado gumu. Nikaachia mbele kushoto, likazama. Nikabana tena kushoto, nikaachia kulia, likazama vile vile. Yani pande zote mbili za mbele, sawa kwa sawa, na ndizo zilizotoka gereji.

Nikachuchumaa pale kwenye gurudumu na tochi nikaziangalia kalipa kwa utulivu, na ndipo nilipoona. Nipeli ya kutolea upepo ilikuwa chini, na mpira wa mafuta unaingia juu! Kalipa ya kushoto wameifunga kulia na ya kulia wameifunga kushoto. Kwenye gari yangu zinaingia pande zote bila kulalamika, boliti zinakaa sawa, pedi zinakaa sawa, huwezi kujua. Lakini hewa inapanda juu, na nipeli ikiwa chini utatoa mafuta lita nzima hewa imekaa pale juu ndani ya kalipa inakuangalia. Nikazibadilisha pande, nikaweka washa mpya za shaba kwenye boliti za mipira, nikatoa upepo, mara hii yalitoka mapovu mpaka msaidizi wangu akaanza kushangilia. Kanyagio likasimama juu, gumu. Masta silinda ya zamani ipo mpaka leo.

Tahadhari, mpira mkavu wenye nyufa usiubane, huo ubadilishe tu, na ile ya waya za chuma haibanwi kabisa. Na mafuta ya breki kila msimu yawe mapya hata kama rangi bado nzuri. Yananyonya unyevu wa hewani yenyewe. DOT 4 ikiwa kavu kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 za Selsiasi, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155, na joto hilo kwenye kona nzito unalipata mapema tu. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabanika, unakanyaga hamna kitu.

Alaimenti, yani mwelekeo wa magurudumu, nilipima mwenyewe kwa nyuzi za kuvulia samaki, zimefungwa kwenye stendi pande zote mbili za gari, sambamba. Uzi uwe mbali sawa na kitovu cha gurudumu kushoto na kulia. Mbele na nyuma umbali unaweza kutofautiana kwa sababu upana wa ekseli sio mmoja. Chini ya kila tairi niliweka vigae viwili vimegeuziana nyuso na grisi katikati, ili gurudumu liteleze lenyewe, bila hivyo ukirekebisha tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) tairi inashika sakafu na vipimo vinakudanganya. Na kwenye siti mifuko ya mchanga yenye uzito wangu. Hii ya mchanga wengi wanaidharau lakini gari ikiwa tupu na ikiwa na dereva haikai sawa, na hautashindana ikiwa tupu.

Mikanda ya usalama nayo msisubiri wakaguzi wawakatalie getini. Yenye lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, imechapwa mwaka wa mwisho kutumika, soma leo. Helmeti vile vile, yenye lebo ya Snell (taasisi inayopima helmeti) na herufi SA ni ya magari, yenye M ni ya pikipiki, na kitambaa cha ndani cha ile ya M hakijapimwa kwa moto. Tairi angalia namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT ubavuni (hii haihusiani na DOT ya mafuta ya breki), wiki na mwaka wa kutengenezwa, hata zikiwa na kashata nzuri raba inakuwa ngumu.

Siku ya mazoezi wakaguzi walipita kote, mmoja akakanyaga breki akatingisha kichwa kukubali, nikapewa stika. Nikazunguka taratibu kwanza kuzoesha pedi mpya, nikarudi, nikaacha vyuma vipoe kisha nikapima nati zote za magurudumu kwa toki renchi, mbili zikasogea kidogo nikazikaza. Nikatoka tena, na kwenye ile kona ya mwisho wa mstari mrefu nikaanza kuchelewa kukanyaga kila mzunguko, na kanyagio likawa pale pale juu mpaka bendera.