Ratiba ya Biblia Inapokwama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii jambo lililoulemea moyo wangu ni ratiba zetu za kusoma Biblia kwa mwaka mmoja. Januari tulizianza kwa moto. Sasa mwaka umefika nusu, na ndani ya Biblia nyingi ile karatasi imebaki kwenye ukurasa uleule, karibu na Mambo ya Walawi, na mwenyewe hataki hata kuitazama. Adui hana haja ya kukunyang'anya Biblia ikiwa deni la sura linatosha kukufanya uiogope.

Tuanze na hesabu, maana Bwana mwenyewe alisema ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189: za Agano la Kale 929, za Agano Jipya 260. (Wenye Biblia yenye vitabu vya deuterokanoni, kama ile ya Kikatoliki, waongeze sura hizo katika hesabu yao.) Gawa kwa siku 365, unapata sura tatu na kitu kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachoangusha wengi. Anayesoma sura tatu kila siku, bila kukosa hata moja, atamaliza Desemba akiwa na sura 1,095. Zitakuwa zimebaki 94, naye atakuwa Wagalatia 4, Ufunuo hajauona.

Mpango unaovumilia udhaifu wetu ni huu: sura nne kwa siku, siku sita za wiki, siku moja ukiiacha wazi. Hiyo ni sura 24 kwa wiki, na wiki 50 zinakupa 1,200. Umebakiwa na wiki mbili nzima za ugonjwa, msiba au safari. Ratiba isiyo na siku ya wazi huvunjika homa ya kwanza tu.

Tena ujue mapema mahali pagumu. Kwa mwendo huo, wiki ya nne inakuingiza Kutoka 25, kwenye vipimo vya hema, mapazia na vitanzi, kisha moja kwa moja sheria za sadaka. Hesabu 7 peke yake ina mistari 89, na sadaka ya kila mkuu wa kabila inarudiwa mara kumi na mbili, neno kwa neno. Hapo watu huacha, wakidhani roho zao zimepoa, kumbe wamefika tu penye kupanda mlima. Ukiwa wa namna hiyo, soma tatu za Agano la Kale na moja ya Agano Jipya kila siku. Utakuwa Walawi na kwa Marko asubuhi ileile. Ila mpango huu unazila zile wiki mbili za akiba.

Sasa nisemalo hasa ni hili, na nalisema kwa upendo: acheni kulipa viporo kwa pupa. Mtu amekosa siku tano, Jumamosi usiku anameza sura ishirini kwa kikao kimoja, anaweka tiki ishirini, analala ameridhika. Muulize kesho yake Yehoshafati alifanya nini vitani, hajui. Mwingine anatia tiki kwenye sura aliyoipitisha macho huku mkono mwingine umeshika simu. Ndugu yangu, unamwonyesha nani hiyo karatasi? Bwana haihitaji. Siku za Ezra watu walisomewa torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, na Nehemia 8 inasema wasomaji walieleza maana yake hata watu wakayafahamu yaliyosomwa. Wakalia, kisha wakafurahi. Tiki haijawahi kumliza mtu.

Kumbukeni mana. Kila mtu pishi yake, kila asubuhi. Aliyeweka ya kesho kinyume na agizo aliikuta ina mabuu, na ya jana iliyompita haikurudi. Lakini asubuhi iliyofuata mana ilikuwa pale, kwa aliyeokota jana na kwa asiyeokota. Ndivyo Neno linavyokusubiri leo. Rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, basi usijiadhibu na sura ya leo kwa sababu ya jana.

Mchungaji Robert Murray M'Cheyne wa Dundee, Uskoti, aliwaandalia washirika wake kalenda ya kusoma Biblia mwishoni mwa 1842. Kwa mwaka walipaswa kusoma Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Katika waraka uleule aliwaonya juu ya hatari zake: kusoma kwa mazoea, kujihesabia haki, kusoma ovyo, na nira nzito kupita kiasi. Machi 1843 akafa, ana miaka 29, na ule mwaka wa kwanza wa kalenda yake hakuumaliza.

Kwa hiyo futa tarehe kwenye karatasi yako. Andika majina ya vitabu na namba za sura, weka alama kwa penseli baada ya kusoma na kuomba, na mwisho wa wiki hesabu jumla. Pembeni andika mstari mmoja uliokugusa; wiki isiyo na mstari hata mmoja inakuambia unakimbia. Kama unasoma kwa mfululizo, alama ya nusu ni Zaburi 117, sura ya 595, katikati kabisa, nayo ina mistari miwili tu.

Kama Juni inaisha na uko Hesabu 10, umesoma sura 127, zimebaki 1,062. Kumaliza Desemba ni karibu sura sita kwa siku, na wachache huziweza kwa uaminifu. Sogeza mwisho hadi Juni ijayo, sura tatu kwa siku zinatosha. Au maliza Agano Jipya peke yake mwaka huu: sura mbili kwa siku, siku 130. Chagua moja, uandike juu ya karatasi, usibadilishe tena.

Kisha endelea na Hesabu 11. Hapo utamkuta Musa akimwambia Bwana waziwazi kwamba hawezi kuuchukua mzigo wa watu peke yake, naye Bwana anampa wazee 70 wa kuuchukua pamoja naye. Wewe mtafute ndugu mmoja tu, muonyeshane karatasi kila mwisho wa wiki, na atakayekuwa nyuma aombewe kabla hamjaachana.