Mwili mgumu? Njoo nao hivo hivo kwenye mkeka

Kila nikimshawishi mtu aanze yoga jibu ni lile lile, aah mwenzangu mi mwili wangu mgumu kama gogo, hata vidole vya miguu sivigusi, ngoja kwanza nilainike ndo nije. Leo naomba tuongee hili vizuri manake linaniuma, nimeona watu wameanza vizuri kabisa afu wiki ya pili wanaacha kwasababu tu walijilinganisha na mtu wa kwenye video.

Huo ugumu wengi wetu tulikuja nao. Mi nilivoanza nikiinama mikono inaishia magotini, na siku moja mwalimu akaja kwa nyuma akanikandamiza mgongo ili nifike chini, nikasikia kitu kimevutika nyuma ya paja, nikachechemea kama wiki mbili hivi. Tangu hapo nasema mapema, samahani mwalimu naomba usinisukume. Na wewe sema tu. Na kama una presha, una mimba au mgongo ulishawahi kukusumbua mwambie kabla darasa halijaanza, usingoje mpaka katikati.

Sasa kitu ambacho natamani ningeambiwa siku ya kwanza ni hiki, fuata pumzi achana na umbo. Yani ukiwa kwenye mkao wowote ule jisikilize unavopumua. Kama inaingia na kutoka taratibu kwa pua basi kaa hapo, hata ukitaka kuongeza kidogo ongeza. Ila kama umeibana, au inakatika katika, meno umeyauma na uso umeukunja, ujue umeshapitiliza, rudi nyuma kidogo tu na utaona pumzi inarudi yenyewe. Afu ujue kutofautisha maumivu, kule kuvutika katikati ya msuli ambako kunapungua kadri unavopumua ni kawaida, lakini kitu kinachochoma au kukata kama kisu gotini au kiunoni, au ganzi inashuka mguuni, toka hapo hapo, usisubiri mwalimu amalize kuhesabu.

Chukua ule mkao wa mbwa, wa makalio juu na viganja na miguu chini, manake madarasa mengi unakutana nao na wanaoanza wengi wanauchukia. Wanakazana kunyoosha magoti na kushusha visigino, mgongo unapinda kama upinde, uzito wote unaangukia viganjani, dakika moja nyingi wanalalamika mikono. Kunja magoti! Kunja kabisa, visigino viwe juu, afu sukuma sakafu kwa kiganja chote mpaka kwenye vidole na makalio uyapeleke juu na nyuma, uone mgongo unavonyooka. Misuli ya nyuma ya paja imeshika kwenye mfupa wa makalio, sasa ikikaza inavuta nyonga, nyonga ikivutwa mgongo hauna namna lazima upinde, ukikunja goti unailegeza yote. Visigino vikija kugusa chini siku moja sawa, visipogusa pia sawa.

Na mto, kitabu kinene, mkanda, kiti, tumia tu. Nikiona mtu anaona haya kuweka kitu chini ya mkono huwa namkumbuka B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India ambaye ndo alieneza sana bloku (vile vitofali vya kuegemea) na mikanda kwenye yoga. Utoto wake aliumwa sana, malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, na alipoanza kufundishwa na shemeji yake Krishnamacharya kule Mysore, India, miaka ya 1930, mwili ulikuwa dhaifu na umekakamaa. Huyo huyo akaja kufundisha watu wa nchi nyingi, akafariki 2014 akiwa na miaka 95.

Mengine kwa haraka, usije umeshiba, acha masaa mawili matatu baada ya kula. Dakika 15 karibu kila siku zitakufaa kuliko masaa mawili ya Jumamosi peke yake. Kusimama kwa kichwa kuache kwanza, shingo haina spea.

Halafu ule mkao wa mwisho, wa kulala chali kama maiti, tafadhali usiukimbie, nawaonaga watu wanakunja mkeka wanatoka na mi roho inaniuma. Lala, miguu iachie iangukie pembeni, viganja vitazame juu, kama kiuno kinasumbua weka mto chini ya magoti, jifunike manake mwili unapoa upesi. Kichwa kitaanza kupanga kazi za kesho, kiache kipange, wewe rudi kwenye pumzi, tena na tena, kwa dakika 5 hizo. Ukitaka kuamka geukia ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi mbili tatu, afu jisukume na mkono taratibu, kichwa kije mwisho kabisa.