Nyaya tatu kati ya Amiga ya baba na laptopu yangu

Baba alirudi Moshi kutoka masomoni Ujerumani mwaka 1990 akiwa na kompyuta aina ya Amiga 500. Orodha ya ukoo wetu na mipaka ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo, cha Kibosho aliviandika humo, na amefariki vikiwa bado kwenye disketi. Laptopu ya sasa haizisomi hata ukiichomekea kiendeshi cha disketi, maana Amiga huziandika kwa mpangilio wake, KB 880. Ila mashine yenyewe bado inawaka. Basi nikaona iisome yenyewe, halafu inipe kupitia waya.

Nyuma ina tundu la RS-232, la kupitishia data kwa waya, la pini 25. Upande wa laptopu nilitumia adapta ya USB yenye pini 9. Plagi nilizipata kwa mafundi redio wa Mbuyuni, nikalehemu mwenyewe. Tafadhali, hapa kuwa makini sana: pini ya 9 na ya 10 za Amiga 500 zinatoa volti 12, chanya na hasi. Usichomeke kebo iliyounganishwa pini zote. Nyaya tatu zinatosha.

Jioni ya kwanza haikupita hata herufi moja. Nilikuwa nimepishanisha 2 na 3 kama tunavyozoea kati ya plagi mbili za pini 9. Kumbe kwenye pini 25 namba hizo tayari zimegeuka: 2 hutuma, 3 hupokea. Kwa hiyo 2 inakwenda kwa 2, 3 kwa 3, na 7 ya Amiga, yaani ethi, inakwenda kwa 5. Nikafumua, nikalehemu upya.

Kwenye Preferences, yaani mipangilio ya Amiga, nikaweka kasi ya biti 9600 kwa sekunde na kuzima RTS/CTS, ishara za kuruhusiana kutuma zinazohitaji nyaya zaidi; laptopu nayo hivyo hivyo. Nikanakili faili kwenda RAM, kumbukumbu ya mashine, nikarudisha disketi ya Workbench, ile ya mfumo wa Amiga, kisha nikaandika amri ya kulituma kwenye SER:, yaani tundu lile la nyuma:

type RAM:ukoo to SER:

Majina yakaanza kushuka kwenye laptopu, mstari kwa mstari. Kasi hiyo hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Disketi nzima ingechukua kama dakika 16, lakini faili la baba halikumaliza hata dakika moja.

"Mama, njoo uone, ni maandishi ya baba."

"Anzia juu, mwanangu. Usiruke jina."

Nikasoma. Kwenye jina la bibi mzaa baba akanisimamisha: baba alikuwa amekosea herufi moja. Nikataka kurekebisha, akanishika mkono. Liko hivyo hadi leo.