Kabla ya Unene wa Chuma, Uliza Makombora Yamelala Wapi

Ikizunguka WhatsApp video ya kifaru kilichong'oka tureti, kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga, vijiwe vya Dar, Kariakoo hadi Tandika, huanza kubishania unene wa chuma. Hilo kwangu ni swali la pili. La kwanza: makombora yake yamelala wapi?

Chukua T-72, kifaru cha Kisovieti. Mzinga wake wa milimita 125 hupakiwa na mashine, ndiyo maana askari ni watatu, si wanne. Mashine hiyo ni sahani ya duara sakafuni, chini ya kamanda na mpiga mzinga, yenye nafasi 22. Kombora na fungu lake la baruti hukaa mbalimbali. Sahani iko chini kabisa, si rahisi kuifikia. Tabu ni akiba, maana makombora mengine hupachikwa huku na kule ndani ya bodi na tureti. Ganda la baruti limetengenezwa liungue lenyewe mzinga unapofyatuliwa, kwa hiyo kipande cha moto kikiligusa, limewaka, na jirani yake naye. Gesi haina pa kutokea, basi tureti inaruka kama kifuniko cha sufuria. Wapo wanaoingia vitani na yale 22 tu, na wana akili.

Abrams ya Marekani imepangwa kinyume. Makombora mengi yako nyuma ya tureti, ng'ambo ya mlango mzito wa chuma. Mpakiaji anasukuma swichi kwa goti, mlango unafunguka, anachomoa kombora, mlango unajifunga. Juu ya stoo hiyo kuna mabamba yaliyofungwa yawe dhaifu makusudi: moto ukiwaka, yanafyatuka na mlipuko unapanda angani. Kifaru kinaweza kufa, watu wakatoka. Ila mlango ukiachwa wazi ili upakiaji uende haraka, kinga yote hiyo ni bure.

Leopard 2 ya Ujerumani iko katikati, na wengi hawalijui hili. Kati ya makombora 42, 15 yako nyuma ya tureti chini ya mabamba kama hayo. 27 yako mbele, ubavuni mwa dereva, bila njia ya kutolea mlipuko. Uturuki ilipopoteza Leopard 2A4 karibu na Al-Bab, Syria, mwishoni mwa 2016, baadhi ziling'oka tureti vilevile.

Sasa huo unene. Kombora la kutoboa vifaru ni mshale mwembamba wa tangsteni au urani hafifu, unaotoka kwa zaidi ya mita 1,500 kwa sekunde. Hauna kilipuzi, kazi yote ni ya mwendo. Roketi ya begani haitegemei mwendo. Mlipuko wake unakandamiza koni ya shaba hadi inachomoza kama mkuki. Watu husema mkuki huo unayeyusha chuma. Hapana, unakisukuma pembeni kwa shinikizo. Deraya ya vilipuzi, yale matofali yaliyopangwa mwilini, hufyatua mabamba yake na kuukata mkuki huo. Tofali likishatumika, pale pamebaki wazi, na roketi yenye vichwa viwili hutanguliza kidogo kulimaliza.

Kulenga nako kuna mitego. Leza hupima umbali, kompyuta inaongeza upepo, joto la baruti, ulalo wa kifaru na uchakavu wa mtutu. Leza ikigonga majani au vumbi lililo mbele, umbali unakuwa wa uongo. Mpiga mzinga akisahau kubadili aina ya kombora kwenye kompyuta, risasi itakwenda juu au chini ya shabaha. Jua nalo lina lake: likipiga mtutu upande mmoja, chuma kinatanuka na mtutu unapinda kidogo, kama bati la Mbagala linavyolia saa saba mchana. Ndiyo kazi ya lile koti linalovishwa mtutu, na ya kioo kidogo mdomoni kinachopima umepinda kiasi gani.

Trophy, mfumo wa kinga wa Israel ulioanza kufungwa kwenye vifaru vyake vya Merkava mwaka 2009, hugundua roketi kwa rada na kuipiga kabla haijafika. Nzuri, ila askari wa miguu wasikae ubavuni, vipande vyake visije vikawapata.

Vile vichanja vya nyaya vinavyofungwa juu ya kifaru kuzuia droni vina kazi yake, alimradi fundi ahakikishe mambo mawili: tureti inazunguka bila kukwama, na mifuniko ya kutokea inafunguka yote.