Mboga za majani za masika: shughulikia maji kwanza

Masika yakikolea, majani hujaa sokoni na nyanya hupanda bei, maana mvua za mfululizo huleta baka jani na kuozesha matunda shambani. Kwa anayepika bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, huu ni msimu wa neema: mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde na kisamvu, vyote laini na vya bei nafuu. Ila majani haya yamejaa maji. Ukiyapika kwa utaratibu wa kiangazi, ukatia kikombe cha maji na kufunika, unaishia na mchuzi wa kijani usio na ladha, halafu unaanza kuusahihisha kwa chumvi na viungo.

Tuanze na kuosha. Mvua hurusha udongo hadi chini ya jani, na mchanga hujificha pale jani linapoungana na shina. Loweka kwenye beseni lenye maji mengi, sukasuka, kisha yatoe majani kwa mikono na kuyaacha maji kwenye beseni. Ukiinamisha beseni kumwaga maji huku majani yamo ndani, mchanga uliokwisha kutuama unarudi kulekule ulikotoka. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi, kwa kawaida mara tatu. Osha kabla ya kukatakata, si baada, kwa sababu jani lililokatwa hupoteza vitamini kwenye maji ya kuoshea. Kisha yaache kwenye chujio robo saa yachuruzike.

Mchicha na matembele havihitaji maji hata kijiko. Kwa kilo moja ya mchicha uliochambuliwa, kaanga kitunguu kimoja kikubwa kwa vijiko viwili vya chakula vya mafuta mpaka kiwe na rangi ya dhahabu. Chukua dakika nane au tisa hapo, usikimbilie. Chakula kisicho na dagaa wala kamba kinapata uzito wa ladha kutoka kwenye kitunguu hiki, na wengi hukitia nyanya kikiwa bado cheupe kisha wakashangaa kwa nini mboga haina ladha. Nyanya mbili zinatosha. Zikaange mpaka mafuta yaonekane pembeni. Ongeza moto, tia mchicha wote, geuza bila kufunika kwa dakika tatu hadi tano. Chumvi iwe ya mwisho: ukiitia mapema inayavuta maji ya majani yatoke yote kwa pamoja, na badala ya kukaangika mboga inachemka. Usifunike kwa sababu jani la kijani lina asidi zake, nazo zikibanwa na mfuniko hurudi sufuriani na kuigeuza mboga rangi ya kaki. Ndimu nayo ina kazi hiyohiyo, kwa hiyo ikamulie mezani. Usiiache, maana vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Matembele yana tofauti moja tu: vikonyo vinatangulia dakika mbili kabla ya majani.

Majani ya maboga yanadai mkono. Vunja ncha ya kikonyo bila kuikatisha kabisa, uvute kuelekea kwenye jani, nyuzi zitakuja zenyewe. Zungusha kikonyo na uvute upande wa pili. Jani ambalo nyuzi zake hazivutiki limekomaa, litupe kwenye mboji. Fikicha majani kati ya viganja ili malaika yake makali yalainike, kisha katakata. Haya yanafunikwa dakika tano za mwanzo, yaive kwa maji yake yenyewe, ndipo ufunue.

Karanga ndiyo rafiki wa majani ya maboga. Kwa nusu kilo ya majani, chukua gramu 100 za karanga zilizosagwa na uzikoroge kwanza kwenye kikombe kimoja cha maji ya baridi. Unga wa karanga ukitiwa mkavu kwenye sufuria ya moto hufanya mabonge ambayo hayavunjiki tena. Mimina kwenye majani, kisha koroga ukigusa chini ya sufuria kwa dakika kumi, moto mdogo, kwani karanga hushika chini na harufu ya kuungua hupanda kwenye chungu chote. Nunua karanga nzima, uzichambue mwenyewe: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa bila huruma. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupikwa, na masika ndiyo karanga hupata unyevu ghalani. Unga wa karanga uliosagwa tayari unauficha ubovu wote, kwa hiyo mimi siushauri msimu huu.

Kisamvu ndicho chenye elimu zaidi. Jani la muhogo, na hata lile la kisamvu cha mpira, lina viini vinavyozaa sumu ya sianidi, na jani lilelile lina kimeng'enya, yaani kichocheo asilia, cha kuvivunja. Viwili hivi vimetengana ndani ya jani zima. Mchi ndio unaovikutanisha. Hivyo twanga kisamvu kikiwa kibichi, mpaka kiwe laini kabisa bila vipande vya jani vinavyoonekana, ukitia punje nne za kitunguu swaumu kinuni. Kieneze kwenye sinia nusu saa kabla ya kubandika. Wako wanaochemsha majani kwanza ili yawe mepesi kutwanga. Moto unakiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya sumu inabaki. Blenda inafaa kama kinu hakipo, ila majani yasagwe mabichi na kwa maji machache.

Nusu kilo ya kisamvu kilichotwangwa ipate vikombe vinne vya maji. Chemsha bila mfuniko, sumu ipae na mvuke, kisha punguza moto kiendelee kuiva. Saa nzima ni ya kawaida. Kionje, kisiwe na nyuzi wala uchungu kooni. Magadi hufupisha muda, lakini huharibu vitamini C na B1. Afadhali kuni zaidi au usiku mmoja wa kupanga mapema.

Wakati kinachemka, tengeneza tui. Nazi moja kubwa iliyokunwa, kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua kwenye kifumbu: hilo ni tui zito. Rudisha chicha, tia vikombe viwili vya maji, kamua tena upate tui jepesi. Maji ya baridi hayatoi mafuta ya nazi vizuri, na ya kuchemka yatakuunguza mikono. Maji ya kisamvu yakikauka, tia tui jepesi pamoja na gramu 100 za karanga zilizokorogwa, kitunguu kilichokaangwa na chumvi, uache dakika ishirini. Tui zito linaingia mwisho. Koroga upande mmoja mfululizo mpaka uone mapovu ya kwanza pembeni, epua hapohapo. Likichemka kwa nguvu linakatika: mafuta yanaelea juu, chini kunabaki maji yenye chembe nyeupe. Si bovu, linalika, lakini ule ulaini hauwezi kurudi.

Majani peke yake hayashibishi mtu anayefanya kazi. Pika na choroko, kunde au maharage yaliyolowekwa usiku, kikombe kimoja kikavu kwa watu watatu, pamoja na ugali au wali. Asiyekula kabisa vyakula vya wanyama anahitaji pia vitamini B12 ya vidonge au ya vyakula vilivyoongezwa, kwani mboga za majani hazina.

Mboga ya nazi huchacha haraka kwenye joto la pwani. Ikibaki, iweke kwenye friji mara ipoapo, na kesho yake uipashe kwa moto mdogo ukikoroga mpaka iwe moto hadi katikati, bila kuiacha itokote kwa nguvu. Kama huna friji, gawa kisamvu kabla ya tui na karanga: sehemu ya jioni itiwe tui, ya kesho ibaki kavu na chumvi yake, ichemshwe tena asubuhi, na nazi ikunwe siku hiyohiyo ya kula.