Pendo Lililojenga Uzio

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili tutulie kwenye Wafilipi 1:9, pale Paulo anapowaombea waumini pendo lao lizidi kuwa jingi "katika hekima na ufahamu wote". Kumbe pendo laweza kuwa jingi na bado likapungukiwa.

Uingereza walikuwa na kipepeo wa buluu mwenye madoa meusi mabawani. Wataalamu humwita Phengaris arion. Alipendwa sana. Alipoanza kupungua, lawama ziliwaangukia wanaokusanya vipepeo, na baadhi ya maeneo yake yakazungushiwa uzio. Akazidi kupungua. Mwaka 1979 akatoweka kabisa nchini humo.

Siri yake ilifichuliwa na mtafiti Jeremy Thomas. Kiwavi wa kipepeo huyu hula maua ya thaimu mwitu kwa wiki chache tu, kisha hujidondosha chini na kungoja. Sisimizi wekundu, hasa wa aina ya Myrmica sabuleti, humkuta, hulamba utamu unaomtoka mwilini, humdhania mtoto wao na kumbeba hadi kiotani. Humo hukaa miezi kama 10 akila mabuu ya wenyeji wake (sisemi tumwige kwa hilo!), mpaka atoke akiwa kipepeo.

Sasa, sisimizi hao hutaka udongo wenye joto, na udongo hupata joto pale nyasi zilipo fupi mno. Waliozifupisha ni mifugo na sungura. Uzio uliowazuia wakusanyaji uliizuia na mifugo. Sungura nao wakafa kwa wingi kwa ugonjwa miaka ya 1950. Nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakatoweka. Maua ya thaimu yalikuwa bado yapo, lakini kiwavi akidondoka hakuna wa kumbeba.

Miaka ya 1980 vipepeo wa aina hiyo waliletwa kutoka Sweden, kwenye malisho yaliyorudishiwa mifugo. Leo wanaruka tena huko.

Nasi tuna uzio wetu. Kijana anapoa kiroho, tunamwongezea makatazo, hatujui ni nani aliyekuwa akimbeba wala alimwacha lini. Mfiwa tunamjazia mahubiri. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa naye kimya. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Bartimayo alikuwa kipofu, shida yake ilionekana na kila mtu njiani, na bado Bwana alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51), akangoja aseme mwenyewe.