Karai kapanda tuktuk jamani

Amepanda! Mwenyewe, kwa miguu yake minne, hakubebwa wala hakuvutwa, injini inanguruma, dereva amekaa kitini, akajilaza zake kwenye turubai mpaka tukafika kwa daktari. Mnaofuatilia habari za huyu mbwa mnajua hii tuktuk imenitesa vipi, kwa hivyo leo naandika hiyo tu. Ripoti ya banda jipya niliyoahidi ingojeni kwanza, mbao ziko palepale zinaliwa na mchwa.

Karai ni yule mwenye kovu la waya shingoni, niliyemtoa nyuma ya kibanda cha viazi karai pale Maweni nikamleta huku Ganda, Malindi, kwa mkokoteni akiwa hoi hata kichwa hainui. Kidonda kilifunga, ukurutu uliisha, chanjo ya kichaa cha mbwa alishachomwa. Nyumba nayo ilipatikana mapema kuliko nilivyotarajia, bwana mmoja wa Msabaha mwenye mikorosho yake na watoto wasiorusha mawe. Kilichotukwamisha ni ule uvimbe wa sehemu za siri, TVT, ule wanaoambukizana wakipandana. Dawa yake ni vincristine, sindano moja kila wiki kwa wiki kadhaa, na inakubali vizuri sana, lakini daktari wangu ambaye kwa mambo mengine yote huja nyumbani, hiyo hakubali kuichoma chini ya mwembe. Na ana haki manake ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama, anataka meza, mwanga mzuri na mtu wa kushika mguu. Kwa hivyo mbwa lazima aende mjini, tena na tena, na cha kumpeleka ni tuktuk.

Msiniambie "mfunge mdomo umpakie". Mbwa aliyepakiwa kwa nguvu mara ya kwanza unampakia, mara ya pili hata kamba hakuruhusu uishike, na tuktuk haina mlango, akijirusha pale barabara kuu ndio basi. Na ile acepromazine, dawa ya kutuliza watu wanayopenda kuomba, mimi siitaki kwa mbwa mwoga. Inalegeza miguu, ukimtizama unadhani ametulia, kumbe woga uko vilevile kichwani ila hawezi kukimbia. Kwangu hiyo ni kumfunga waya mwingine.

Sasa shida yenyewe, kwa nini alikuwa anaikimbia tuktuk. Kila mtu aliyemwona alisema anaogopa mlio. Inaingia akilini, ukisikia zile tuktuk kuukuu zinavyopiga kelele hata mimi naogopa. Nikarekodi mlio kwa simu nikaucheza kwenye spika ndogo ya bluutuuthi, kwanza chini halafu juu taratibu, Karai amelala usingizi. Lakini zile spika ndogo hazina besi kabisa, huwezi kuziamini kwa kazi hii, ukipima radi au injini kwa spika ya mkononi hujapima kitu. Basi nikamwomba dereva alete tuktuk yenyewe, aiache inanguruma nje ya uwanja bila mtu ndani. Karai akasimamisha masikio, akapiga miayo kidogo, akarudi kunusa mchanga. Sio mlio. Tukazima, nikamwaga dagaa sakafuni mwa tuktuk, akapanda akala akamaliza akashuka. Sio harufu ya petroli, sio ile sakafu ya bati. Lakini dereva akija tu kukaa, mbwa haonekani, yuko nyuma ya choo anatetemeka ulimi nje.

Nikaanza kusema basi anaogopa wanaume. Lakini huyuhuyu dereva akikaa chini kwenye mkeka, Karai anamsogelea mpaka karibu kabisa na goti. (Dereva mwenyewe ni mtu wa msikiti, ulimi wa mbwa hautaki, na hiyo namheshimu, hana haja ya kuosha mara saba moja kwa mchanga kwa ajili ya mradi wangu. Tulikubaliana turubai zima kila safari, kiti chake kisiguswe, na mbwa awe mkavu. Wanaosema Waislamu wa huku hawasaidii mbwa waje waone huyu mzee anavyomkatia dagaa vichwa.)

Kilichofungua mambo ni simu ya dereva. Karai yuko ndani anakula, injini imezimwa, mzee amesimama nje, simu ikalia, akaegemea lile paa ili aongee. Tuktuk ikabonyea upande mmoja, kidogo tu, kitu ambacho wewe na mimi hatungekisikia. Mbwa akaruka, bakuli huku, dagaa kule, na ua wa makuti ukatoboka. Hakukuwa na mlio, na mzee hata hakumtizama.

Ni kule kuyumba. Zile springi zinavyolala mtu akikaa.

Nikarudia siku nyingine kwa kidole, namaanisha kidole, nikabonyeza upande wa nyuma huku namwangalia. Akaacha kutafuna hapohapo, weupe wa jicho ukatokea, mkia ukaenda tumboni. Niliacha kubonyeza, akangoja ngoja, akaendelea kula. Watu wa Maweni husema aliletwa na gari ndani ya gunia akatupwa, sina ushahidi, lakini mbwa aliyewahi kufungiwa guniani kwenye gari angejua kuyumba tu, kuona asingeona kitu.

Basi tuktuk nikaiweka pembeni kabisa nikatengeneza sakafu ya kuyumba nyumbani. Mlango wa kabati kuukuu juu ya tyubu ya pikipiki. Plaiwudi ya mm 6 nilijaribu inapinda katikati, haifai, na ile mbao ya unga wa kubandika ikipata unyevu wa huku pwani inavimba kama mahamri, sitaki kuiona. Mbao ya mwembe ndiyo, nzito na bei yake nafuu. Juu nikapigilia gunia asiteleze, manake mbwa akiteleza mara moja umemfundisha woga mpya. Upepo wa tyubu ndio siri yote. Ukijaza sana ubao unarusharusha, ukipunguza sana hauyumbi kitu. Nilianza karibu haina upepo, nikawa naongeza pampu moja moja.

Na hapa ndipo nitasema mpaka mnichoke: kuyumba kwanza, dagaa baadaye. Ukitangulisha dagaa halafu ukamyumbisha, dagaa anageuka kuwa ishara ya mabaya, na utamwona mbwa anakimbia akinusa chakula. Yumbisha, nyamaza kidogo, ndipo dagaa ashuke. Asipokula, umeenda mbio, toa upepo. Tulikuwa tunafanya baada ya Alfajiri kabla jua halijakolea, muda mfupi, tukaacha akiwa bado anataka. Ile asubuhi aliyopanda ubao mwenyewe bila kuitwa, akautikisa kwa mguu wa mbele, halafu akanigeukia kudai dagaa wake, nilicheka mpaka jirani akachungulia uani.

Vifaa kidogo mkiuliza. Minyororo ya kukaba shingo sitaki hata kuiona dukani, na kwa shingo ya huyu ndio kabisa. Kamba zile za kujivuta zenyewe ni za watu wa sinema. Mkanda wake wa kifuani kashona fundi viatu kwa mikanda ya gari bovu, hauli ngozi na hauozi jasho. Klipu nunueni kwenye maduka ya vifaa vya wavuvi, zile za shaba, manake hizi za kung'aa za duka la kawaida, msimu mmoja wa chumvi ya Malindi zimeganda hazifunguki, na siku ya kuzihitaji ndiyo siku zinakataa.

Kurudi kwenye tuktuk yenyewe hakukuchukua muda. Mzee akawa anakaa nusu, kisha anakaa kweli, kisha funguo, kisha mpaka kona ya kisima na kurudi. Kwenye matuta bado Karai anajikunja, hilo tunalo. Sindano ya kwanza kaipokea leo, daktari alipata mshipa mara moja, na Msabaha wanangoja amalize ndipo wamchukue.

Mpango ulikuwa wiki hii nimalize banda. Lakini nina lile jike linaloogopa ngazi na daraja, na tangu jana nawaza ubao mrefu zaidi, tyubu kubwa upande mmoja tu, upande wa pili uguse chini. Mwenye tyubu ya trekta iliyotoboka asitupe, nitakuja kuichukua mwenyewe.